Nguzo Iliyojibu kwa Kuchelewa

Jumanne, tarehe 17 Machi 2071. Asubuhi hiyo Mbeya iliamka ndani ya ukungu. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya kengele ya kanisa, na mlima Loleza haukuonekana kabisa, kana kwamba mtu ameufunika shuka. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye vifundo vya vidole.

Subilaga Mwakyoma alifunga koti lake mpaka kidevuni, akavuka tope la getini kwa kukanyaga matofali yaliyopangwa, na kabla ya kuingia ndani ya jengo akasimama mlangoni na kuinamisha kichwa. Aliomba apewe macho ya kuona na ulimi wa kusema alichokiona. Aliomba hayo mawili tu kila asubuhi tangu alipopewa kazi hii.

Jengo lilikuwa wodi mpya ya wazazi ya mtaa wa Isanzo Mpya, ghorofa moja juu ya vyumba vya chini, kuta zake bado zikinuka rangi. Vitanda vilikuwa vimefika na mapazia yalikuwa yametundikwa. Kilichobaki kilikuwa kiapo cha Alhamisi, na kiapo kilikuwa kazi ya Subilaga.

"Habari za asubuhi, Pacha," alisema, akigusa kidude kidogo kilichokuwa sikioni mwake.

"Nzuri, Mama Gwantwa. Umelowa miguu."

"Umejuaje?"

"Sakafu imeniambia."

Subilaga, ambaye kiwanja kizima kilimwita kwa jina la mwanawe Gwantwa, akacheka peke yake na kuanza kujifuta viatu.

Siku hizo kila jengo la umma lilizaliwa mara mbili. Kwanza alizaliwa Pacha ndani ya kompyuta: modeli yenye kila nondo, kila bomba, kila skrubu ya bawaba. Msanifu hakuchora ramani ya kubandika ukutani. Alimlea Pacha mpaka akakamilika. Ndipo mafundi wakajenga, na ndani ya zege wakalaza nyuzi nyembamba kama unywele, ili jengo lisimame na huku likizungumza na Pacha wake. Likishasimama, mtunzaji wa Pacha alilikagua chumba kwa chumba, kisha akaapa kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja. Zamani walitia sahihi. Lakini mashine zilipojifunza kuiga sahihi za watu na alama za vidole vyao, sheria ilirudi kwenye mdomo na mashahidi.

Baada ya kiapo, Pacha aliaminiwa kuliko macho. Moto ukiwaka, mlango ulifunguka pale Pacha aliposema kuna mlango. Jengo likianguka, mashine za uokoaji, zisizo na dereva, zilichimba pale Pacha aliposema kuna watu.

Subilaga alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kwenda madarasa ya jioni na kukaa benchi moja na vijana waliomwita bibi. Hesabu zilimtoa jasho. Lakini alipomwona Pacha kwa mara ya kwanza alimwelewa mara moja. Alikuwa kama karatasi ya kukatia nguo. Kitambaa kikikatwa tofauti na karatasi, unaweza kurekebisha kitambaa au kurekebisha karatasi. Usichoweza ni kumwambia mteja kwamba vinafanana.

"Mama Gwantwa," Pacha alisema, "kuna nguzo haifanani nami."

Subilaga akaacha kujifuta viatu. "Ipi?"

"Ya mashariki. Ile ya chini ya chumba watakacholala akina mama wakishajifungua."

Ndani ya kila nguzo kulikuwa na nyundo ndogo, si kubwa kuliko punje ya mahindi. Kila alfajiri nyundo hizo ziligonga mara moja, na nyuzi zikasikiliza jinsi mlio unavyopanda. Pacha naye alizigonga nguzo zake za ndani ya kompyuta, kisha akalinganisha. Nguzo nzima hujibu upesi. Nguzo yenye uwazi hujibu kwa kuchelewa, kwa sababu mlio unalazimika kuzunguka.

Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya mashariki na kuweka kiganja juu yake. Ilikuwa laini, baridi, haina hata mkwaruzo.

"Hapo si penyewe," Pacha alisema. "Shuka. Usawa wa goti."

Akachuchumaa.

"Hapo. Kuna kitu ndani ambacho si zege. Ukubwa wake kama kichwa cha mtoto mchanga."

"Mbona hukusema wiki zote hizi?"

"Zege bichi lina maneno mengi. Kila siku lilisema jambo jipya. Sasa limekauka na kutulia, na neno hili limebaki."

"Siku ya kumwaga zege uliona nini?"

"Niliona nondo zimefungwa na mbao zimesimamishwa. Kisha mkanifumba macho. Mliponifumbua, zege lilikuwa linashuka. Katikati hapo sina kitu. Ulikuwa wakati wa sala."

Subilaga alibaki amechuchumaa. Alikumbuka vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba macho yafumbwe. Akina mama wa Isanzo Mpya walikuwa wamekuja kuombea nguzo ile kabla haijamwagwa, wakaizunguka, na yeye akaona si adabu watu wazungumze na Mungu huku kamera zinawatazama. Mhandisi alitabasamu, akakubali. Tangu hapo ikawa desturi ya kiwanja kile: watu wakifumba macho kusali, na Pacha naye anafumbwa.

Siku hiyo aliyeongoza sala alikuwa Bibi Anyimike, mama wa marehemu mume wake. Sala ilikuwa ndefu mpaka mafundi wakanong'onezana kwamba bibi huyu ana mambo mengi na Mungu. Na Subilaga alikuwa amefumba macho mwanzo hadi mwisho, kwa bidii, kama anavyofumba siku zote.

*

Mhandisi Tweve alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa kunywa chai kwenye kikombe kikubwa kama kopo la rangi. Ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha. Aliposikia habari aliweka kikombe chini, akagusa meza, na nguzo ya mashariki ikainuka juu ya meza kwa mwanga wa bluu, ndogo kama mshumaa, na ndani yake, karibu na chini, doa jeusi.

"Nini hii?" alisema. "Mtu ametumbukiza nazi?"

"Nazi na hapa Mbeya wapi na wapi, Mhandisi."

"Basi parachichi."

Hakuna aliyecheka sana. Mhandisi aliipakia nguzo ile ndogo uzito wa ghorofa, vitanda, akina mama, wageni wa siku ya Jumapili. Nguzo haikutikisika. Akaongeza upepo. Haikutikisika. Kisha, polepole, kama mtu anayeuliza asichotaka kujibiwa, akailetea tetemeko la Isanzo, lile lililoangusha mlima juu ya mtaa wa zamani.

Doa jeusi likazungukwa na rangi nyekundu. Nguzo ikasimama. Akarudia. Ikasimama. Akarudia tena, ikakunjika kwenye goti, na meza nzima ikawa nyekundu.

Mhandisi akaifuta kwa kiganja.

"Inasimama mara nyingi kuliko isivyosimama," alisema.

"Lakini siyo kila mara."

"Siyo kila mara." Akasugua macho. "Mama Gwantwa, unajua kitakachotokea ukisema kiaponi kwamba nguzo ni mbovu. Mashine za msumeno zitakuja siku hiyohiyo. Ndiyo sheria tuliyowekewa baada ya Isanzo. Zitakata nguzo, zitaisaga yote ndani ya tumbo lao mpaka iwe unga, na unga utakwenda kumwagwa barabarani. Halafu sisi tutasubiri zamu ya kibali kipya, na mvua zitakuwa zimekwisha. Sista Kissa anazalisha akina mama kwenye mahema. Mahema yenyewe yanavuja."

"Najua yanavuja. Nimeyaona."

"Kuna njia nyingine." Aliongea akitazama kikombe. "Naweza kumwambia Pacha kwamba pale ndani kuna nafasi ya bomba la maji ambalo hatukulipitisha. Atakubali. Ataliweka bomba, atalinganisha, atasema vinafanana. Utaapa, tutafungua Alhamisi, na mwakani nitarudi kimyakimya niiongezee nguzo unene."

"Na kabla ya mwakani?"

"Kabla ya mwakani tuombe Mungu." Akanyanyua macho. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Alisema kwa utani, na Subilaga akaupokea kama utani. Jina la kijana lilikuwa ndani ya Pacha kama mjenzi wa nguzo ile, na hakuwa mtu mbaya.

"Ngoja kwanza nijue ni nini," Subilaga alisema. "Siwezi kusema ni bomba wala siwezi kusema ni nazi kabla sijajua."

"Utajuaje bila kuvunja?"

"Nitauliza."

*

Bibi Anyimike alikuwa barazani akimenya ndizi za kupika, beseni la maji mapajani. Alikuwa amekonda kama fimbo, lakini kisu chake kilikwenda bila kusita. Alipomwona mkwe wake saa ile ya kazi, akapunguza mwendo wa kisu.

"Ugonile, Mama," Subilaga aliamkia kwa Kinyakyusa.

"Nagonile, mwanangu. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado." Akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Walimenya ndizi kadhaa. Ndipo akasema, "Mama, nguzo ya mashariki ina kitu ndani."

Kisu cha bibi kikasimama.

"Pacha wenu ana masikio," bibi alisema.

"Anayo."

"Nilidhani mkimfumba macho basi." Akatia ndizi kwenye maji. "Ni udongo, mwanangu. Udongo wa Isanzo."

Alieleza bila haraka. Isanzo ilikuwa imezungushiwa uzio tangu mlima ulipoifunika, na mashine zilikuwa zimepanda miti juu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia, kwa sababu ardhi bado ilikuwa inatembea. Lakini akina mama walipata sehemu ambapo uzio umelala, wakaingia wakati wa jua la kiangazi, wale wenye miguu imara wakiwashika mkono waliochoka miguu. Kila mmoja akachota kiganja kimoja pale alipokadiria kwamba wake yupo. Hakukuwa na alama yoyote. Mmoja alijua kwa jiwe, mwingine kwa upande wa mto. Walichanganya viganja vyote, wakafunga bonge moja, na siku ile ya sala wakalitumbukiza ndani ya mbao za nguzo.

"Mlifunga kwa nini?" Subilaga aliuliza. Aliuliza kama fundi, ili ajue kama ni kitu kinachooza.

Bibi alimtazama.

"Kwa lile shati la bluu. Ulilomshonea mwanangu Ambakisye la Krismasi. Aliliacha kwangu nimkazie kifungo."

Subilaga aliendelea kumenya. Kisu kilipita juu ya ganda mara mbili bila kukata kitu. Lile shati lilikuwa na mfuko mmoja, kwa sababu kitambaa hakikutosha miwili, na Ambakisye alikuwa amemwambia mfuko mmoja unamtosha mtu asiye na kitu cha kuficha.

"Nilitaka alale mahali watoto wanapozaliwa," bibi alisema. "Awe anawasikia wakilia. Na wenzake pia. Hawana kaburi hata mmoja. Sisi tukipita huko tunatazama miti ya serikali. Sasa niambie, mtamtoa? Mtamtia kwenye hiyo mashine inayosaga?"

"Mhandisi anasema anaweza kuandika kwamba ni bomba."

"Basi aandike bomba." Bibi akaendelea kumenya. "Kijana mzuri yule. Kazaliwa na watu."

Subilaga aliweka kisu chini na kukausha vidole kwenye khanga.

"Mama, unaukumbuka mlango wa ghala?"

"Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii wewe. Ninajiuliza mwenyewe, na sina mwingine wa kuuliza mbele yake."

Wote wawili waliukumbuka. Ghala la kahawa la Isanzo lilikuwa na mlango wa nyuma ambao mafundi waliuziba kwa matofali, wakafungua mwingine upande wa pili, na hakuna aliyemwambia Pacha wa ghala. Ilikuwa kazi ndogo tu, ya kurahisisha kupakia magunia. Siku ya tetemeko Ambakisye na wenzake walikimbilia ule mlango mpya waliokuwa wameshauzoea. Mashine za uokoaji zikaja, zikachimba kwa nguvu zote upande wa matofali, kwa sababu Pacha alisema ndiko kwenye mlango. Watu walizipigia kelele na kuzielekeza kwa mikono, nazo hazikusikia, kwa kuwa hazikuumbwa kusikia watu. Jioni mlima ukashuka mara ya pili, ukafunika ghala na mashine zenyewe.

Mwaka uliofuata Subilaga alijiandikisha madarasa ya jioni.

"Waliandika mlango mahali pasipo na mlango," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi niandike bomba mahali pasipo na bomba?"

"Nguzo itasimama. Tuliiombea."

"Na mimi niliiombea, Mama. Nilikuwa pale. Nilifumba macho."

Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Bibi Anyimike aliinuka taratibu, akachukua beseni la ndizi, akaingia ndani, na Subilaga akabaki barazani na maganda. Alitambua kwamba bibi hakukasirika. Alikuwa amechoka tu. Kabla hajaondoka aliongea kupitia mlango uliokuwa wazi nusu.

"Mama, wewe ndiye shahidi wa jirani siku ya Alhamisi. Nitasema kweli siku hiyo. Ukitaka usije. Nitamtafuta jirani mwingine, na sitakusema kwa mtu kwamba ulikataa."

Kutoka ndani alisikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.

*

Jumatano mchana mafundi walipokwenda kula, Subilaga alikaa sakafuni, mgongo wake umeegemea nguzo ya mashariki.

Aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuomba ishara. Alimweleza Mungu hali ilivyo, kama anayemweleza daktari: kwamba kaburi pekee la mume wake liko nyuma ya uti wa mgongo wake, chini kidogo ya mabega, kwamba juu ya kaburi hilo kuna vitanda, kwamba akisema neno moja kaburi litakuwa vumbi la barabara, na akisema neno jingine, watoto watalala juu ya uongo. Kisha akasikiliza. Hakusikia kitu ila mvua kwenye bati. Lakini alipofumbua macho alijua kwamba swali alilokuwa akijiuliza lilikuwa na majibu mawili kwa sababu watu wawili ndio waliompa majibu hayo. Hakuwa bado ameuliza mtu wa tatu.

"Pacha."

"Nipo. Sikukusikiliza wakati ule. Nilikuwa nimejifumba mwenyewe."

"Asante. Niambie kuhusu kiapo. Yale maneno ya Alhamisi, ni lazima niyaseme yalivyo?"

"Sheria inataka mambo mawili: ukweli unaoujua na ahadi unayoichukua. Maneno yaliyochapishwa ni mazoea. Watu wote huyasoma, kwa hiyo watu wote hudhani ndiyo sheria."

"Nikichukua ahadi ya kurekebisha, misumeno itakuja?"

Pacha alitafuta ndani ya sheria.

"Ahadi ya mtunzaji ikisemwa mbele ya mashahidi watatu, na wao wakasema wamesikia, mashine husubiri. Jengo hubaki limefungwa mpaka ahadi itimie. Isipotimia, cheti chako kinakwisha, na jina lako linabaki ndani yangu kama mtu aliyesema uongo. Siwezi kulifuta. Hakuna mtunzaji aliyewahi kuchukua ahadi kama hiyo."

"Kwa nini?"

"Sijui. Labda misumeno ni rahisi."

Subilaga akatabasamu. "Na udongo ukitolewa kwa mikono, ukazikwa hapo nje uani, upande huu wa mashariki, utaweza kuujua? Ili mtu asije akachimba choo juu yake."

"Niambie mahali hapo patakuwa panaitwaje."

"Kaburi."

"Nina kisima, nina shimo la taka, nina msingi wa bendera. Kaburi sina. Uani mwa wodi ya wazazi halijawahi kutajwa." Kisha akauliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, "Linabeba uzito gani?"

Subilaga alifikiri. Alitaka kumjibu vizuri, kama alivyotaka siku zote kuwajibu walimu wake.

"Halibebi kitu, Pacha. Lakini usijenge juu yake."

"Nimelielewa hilo," Pacha alisema. "Nitaliandika utakapoapa."

*

Alhamisi ukungu uliinuka mapema na Loleza ukaonekana wote, kijani kibichi. Watu walikuwa wachache, kama sheria ilivyotaka: aliyejenga, atakayetumia, na jirani. Mhandisi Tweve alikuwa amevaa shati jeupe. Sista Kissa, mkunga mkuu, alikuja na mabuti ya mvua moja kwa moja kutoka hemani, akanawa mikono kwenye bomba la nje, akasimama huku akitazama saa.

"Mama Gwantwa, tuapishane upesi," alisema. "Nina mama mmoja njia imefunguka nusu na mwingine anatukana watu."

"Bado jirani."

Walisubiri. Mhandisi, ambaye Subilaga alikuwa amemweleza yote jana yake jioni, alisogea karibu naye na kusema chini chini, bila kumtazama, "Sijaandika bomba."

"Najua. Nilimuuliza Pacha."

"Nilikaa mbele ya meza ile mpaka chai ikapoa. Jeki za kuegemezea ghorofa ninazo. Na kama ni kwa mikono, mimi napiga patasi ya kwanza."

Ndipo Bibi Anyimike akaingia. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Mkononi alikuwa na beseni jipya, lile la maua ambalo hakuwahi kulitumia, na ndani yake khanga iliyokunjwa, ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya mashariki, akaliweka beseni chini kando yake, akanyooka, akashika kiuno.

"Nimekuja kusikia," alisema.

Sista Kissa alilitazama beseni, kisha nguzo, kisha nyuso zao. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili, na Subilaga alimweleza mara moja, kwa maneno machache, tangu uzio wa Isanzo mpaka rangi nyekundu juu ya meza. Mkunga aliuma midomo.

"Kwa hiyo hatufungui leo."

"Hatufungui."

"Na wangu waendelee kuloweshwa."

"Usiku wa leo, ndiyo. Kesho nitakuwa kwako na cherehani."

Sista Kissa alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Sikupendi leo," alisema. "Apa."

Subilaga alivua kidude cha sikioni na kukishika kiganjani, ili wote waone kwamba Pacha anasikiliza. Aliweka mkono mwingine juu ya nguzo, usawa wa goti, kwa hiyo ilimbidi apige goti, na hakuona vibaya kuapa akiwa hivyo. Hakufumba macho.

"Mimi Subilaga Mwakyoma, mtunzaji wa Pacha wa jengo hili, nasema mbele ya Mhandisi Tweve aliyelijenga, Sista Kissa atakayelitumia, na Mama yangu Anyimike anayeishi jirani nalo. Jengo hili na Pacha wake leo si kitu kimoja. Ndani ya nguzo hii mna udongo wa Isanzo, umefungwa kwa shati nililolishona mimi. Naahidi kwamba hakuna mama atakayelala juu yake mpaka nguzo iwe nzima. Naahidi kwamba msumeno hautaigusa. Itafunguliwa kwa mikono, na walioweka ndio watakaotoa. Udongo utalala uani upande wa mashariki, na Pacha ataujua kwa jina lake, kaburi, ili mtu yeyote asijenge juu yake. Mahema yanayovuja nitayashona mwenyewe kuanzia kesho. Na siku tutakayomwaga zege jipya tutasali hapahapa, sala ndefu kama Mama atakavyotaka, na naahidi kwamba siku hiyo macho ya Pacha yatakuwa wazi, na yangu pia."

"Nimesikia," alisema Mhandisi.

"Nimesikia," alisema Sista Kissa, akiwa tayari ameelekea mlangoni.

Bibi Anyimike aliinama, akaufunika mkono wa mkwe wake kwa mkono wake, pale juu ya nguzo.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Na mimi naahidi nitamtoa mwenyewe."